Maji ya Chumvi Nyuma ya Rido

Baba mkwe wangu alihamia kwetu Cibitoke akiwa na mfuko mmoja, redio iliyoingia maji, na mafua. Redio tuliitupa baada ya wiki. Mafua ndiyo yaliyotushinda.

Mto Rusizi ulikuwa umefurika tena na Gatumba ilikuwa imegeuka bwawa. Nyumba yake, aliyoijenga kwa mikono yake na kuishi humo na mama mkwe wangu mpaka alipomzika, ilikuwa na maji hadi dirishani. Mume wangu alipokwenda kumchukua alimkuta barabarani, suruali imekunjwa hadi magotini, anawasaidia majirani kupakia magodoro kana kwamba yeye ana kwingine pa kulala. Mara tu maji yalipopungua alirudi kuangalia. Jioni akaja na matope miguuni, akasema neno moja tu: mbele ya mlango hakuna kitu. Nilidhani anazungumzia ngazi za saruji.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja ni cha watoto na kingine chetu, kwa hiyo Baba tulimpa nusu ya sebule. Nilishona rido, ndivyo tunavyoita pazia huku kwetu, ya kitambaa kizito cha buluu, nikaining'iniza kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Ndani ya rido palikuwa na kitanda chake. Nje yake palikuwa na meza, viti, na mimi.

Kwetu mukazana, yaani mke wa mwana, na baba mkwe wake hawazoeani hovyo. Zamani mwanamke hakuthubutu hata kulitaja jina la baba mkwe. Mimi nimezaliwa na kuolewa mjini, nikafikiri mambo hayo yamebaki milimani. Kumbe yalikuja kwangu yakiwa yamevaa kofia na koti. Baba hakunidai heshima yoyote, hapana, ila yeye ya kwake hakuiacha hata siku moja. Hakula mbele yangu. Hakupiga miayo mbele yangu. Hakutoka nyuma ya rido shati likiwa halijafungwa vifungo mpaka shingoni. Na kupenga kamasi nikiwa nasikia? Mungu apishe mbali.

Sasa huyo ndiye aliyezibwa pua. Unyevu wa Gatumba ulikuwa umemwingia kichwani na ukakataa kutoka. Alipumua kwa kinywa mchana na usiku. Kila alipohitaji kupenga alivaa viatu, akavaa kofia, akaniambia kwa adabu, "Natoka kidogo," na kwenda zake. Siku moja narudi sokoni nikamwona anakokwenda. Mwisho wa barabara yetu kuna maseremala wanaopasua mbao chini ya mabati. Baba alikuwa amepenga, amekunja kitambaa chake vizuri, kisha amekaa kwenye ubao kupumzika, na vumbi la mbao linamnyeshea kofia na mabega. Alikuwa anafuata nafuu palepale panapomzibia pua. Nilicheka peke yangu njiani na mzigo wangu kichwani, halafu huruma ikanishika vibaya.

Lakini nilikuwa pia na kinyongo changu, na kilihusu chai.

Nilipoolewa, mama mkwe wangu aling'oa kipande cha kichaka cha sitroneli, yale majani ya chai yenye harufu ya limau, kilichoota mbele ya mlango wake Gatumba. Alikifunga na kitambaa kibichi, akanikabidhi. Nilikipanda kwenye ndoo iliyotoboka nyuma ya jikoni. Kimekua kwa ubishi kuliko mimi. Baba alipokuja, kila asubuhi nilikata majani, nikayaponda na kuyatia kwenye maji yanayochemka, mpaka jirani wa ng'ambo ya ukuta akawa ananisalimia kwa sababu ya harufu tu. Nikasubiri Baba aseme kitu. Nyuma ya rido alikuwa akijibu vilevile kila siku: "Chai iko moto, asante mukazana." Na kikombe kilirudi nusu. Mimi ni mtu wa kununa kimya kimya. Sikumwuliza, nikazidi kuongeza majani.

Mwishowe mume wangu alimpeleka kituo cha afya, nami nikafuata nyuma yao na mtoto mgongoni. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alimsikiliza kifua akasema bado ni kizima, ila nyumba yenye maji asiirudie hata kwa kutania. Pua, alisema, ioshwe. Wanaume wangu wale wawili wakaanza kutazama ukutani, kwa hiyo akanielekea mimi.

"Mama, unachemusha maji, unaacha ipowe, ibaki vuguvugu. Nusu litre, unatia kijiko kidogo ya chumvi, isijae. Anainama, anapumua na kinywa. Unamimina huku, inatokea huku. Na wewe usishangae, juu pua ikifunga hivi, hata chakula mutu hasikii ni chakula gani."

Maneno hayo ya mwisho yalinigonga. Nilisimama pale na mtoto mgongoni nikavihesabu vikombe vyote vilivyorudi nusu, nikaona aibu kwa kununa kwangu.

Kumwosha baba mkwe wangu pua lilikuwa jambo lisilosemeka, basi kazi ikawa ya mume wangu. Yeye ni mwashi, wiki nzima anajenga Gitega, anarudi Jumamosi. Jumamosi hiyo nilichemsha maji, nikayapoza, nikayatia kwenye kabirika kadogo ka plastiki nilikokanunua kwa kazi hiyo, na chumvi nikaiweka kando kwenye kisahani ili waikoroge wenyewe. Wakaenda nyuma ya nyumba. Mimi nikabaki ndani nachambua maharagwe, masikio yote nje.

Kilichofuata ni ukelele. Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata kumfukuza kuku, alipiga ukelele uliowatoa majirani ndani. Kabirika kalipita hewani kakagonga ukuta. Baba akaingia macho mekundu, shati limelowa, akapotelea nyuma ya rido. Nilipotoka nje nilikuta kisahani pale nilipokiweka, na chumvi yangu juu yake, kavu.

"Hamukutia chumvi?"

"Papa alisema pua yake iko na vidonda ndani," mume wangu akajibu. "Chumvi itamuchoma. Tukaiacha."

"Chumvi ndiyo inafanya isichome!"

"Mi ningejuaje? Chumvi ku kidonda, kila mutu anajua."

Mwanaume huyu anapanga mawe ya nyumba za ghorofa na hazianguki, lakini kijiko cha chumvi kilimshinda. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia na mengine ambayo hayafai kuandikwa.

Jumapili baada ya misa Baba alimwita mwanawe. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini rido si ukuta.

"Mi kesho nitarudi Gatumba."

"Nyumba haijakauka, Papa."

"Itakauka nikiwa ndani. Hapa niko nawasumbua. Mutu mukubwa anakoroma kama mashini, anatoka nje kila saa. Mukazana wangu haongei, lakini ana masikio."

Mume wangu alimsihi mpaka muda wa basi lake la Gitega ukafika, na Baba hakubadilika. Pale mlangoni mume wangu aliniangalia kama mtu anayeniachia mzigo, akaenda.

Usiku ule sikulala vizuri. Kuta za nyumba ile niliwahi kuzigusa mwenyewe, kidole kinazama. Mtu wa umri wake angelala humo msimu mmoja wa mvua, kifua ambacho muuguzi alikisifu kisingebaki kizima. Nilitaka abaki. Sababu yangu ya kwanza si ya kujivunia: niliwaogopa wifi zangu, wangesema nimemfukuza baba yao. Sababu ya pili ni kwamba baba yangu mimi simkumbuki, na nilikuwa nimeshazoea kuwa na mtu nyumbani anayesema asante kwa kila kikombe, hata asichokimaliza. Nilikuwa nampenda mzee yule. Sikuwa nimewahi kumwambia, na hakuna namna ya heshima ya kuyasema hayo kwa baba mkwe.

Jumatatu asubuhi watoto wakubwa walienda shule, mdogo akawa amelala. Mvua ilikuwa inaanza, kwa hiyo niliingiza jiko la makaa pale kizingitini, sufuria ya chai juu yake. Nyuma ya rido nilisikia blanketi linakunjwa na zipu ya mfuko inafungwa. Maji ya kuchemsha nilikuwa nayo tayari, vuguvugu, na safari hii chumvi niliitia mimi mwenyewe.

"Papa," nikasema.

"Mukazana."

"Mubaki kidogo. Musikilize. Naanza mi mwenyewe."

Niliweka beseni mezani, nikainama, nikafungua kinywa, nikainua kabirika. Maji yaliingia upande mmoja kwa utulivu, yakapita mahali fulani nyuma ya macho ambapo sikujua kuna njia, yakatokea upande wa pili. Yalikuwa vuguvugu na hayakuuma hata kidogo. Kisha ilibidi nipenge, na sikujizuia. Nilipenga kamasi baba mkwe wangu akiwa anasikia, kwa sauti, mchana kweupe, sebuleni kwangu. Uso uliniwaka moto. Mama yangu mzazi angekuwepo angejifunika kitenge kichwani.

"Haichomi, Papa. Ya juzi ilikosa chumvi."

"Umefanya hivyo kweli?"

"Si mumesikia?"

"Nimesikia," akasema. Naapa kulikuwa na kicheko mle ndani ya sauti, kidogo tu.

Nilikasuuza kabirika kwa maji ya moto, nikakajaza upya, nikakasukuma chini ya rido pamoja na beseni jingine. Kakakaa pale sakafuni. Nikatazama mvua. Nilipogeuka, kalikuwa kamechukuliwa.

"Muiname, Papa. Kinywa wazi. Mupumue na kinywa, polepole."

Nikampa mgongo, ingawa rido ilikuwepo. Nilisikia maji yanaanguka kwenye beseni, yakasimama, yakaanguka tena. Akakohoa. Nikangojea ukelele.

"Haichomi," akasema, kwa sauti ya mtu anayemlaumu mtu. Nikajua ni nani, na alikuwa Gitega.

Akahamia upande wa pili. Akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwetu niliisikia ikipita puani, ndefu, ina mluzi kidogo. Akaivuta tena.

"Mukazana. Uko napika nini?"

"Ni chai, Papa."

"Iko na sitroneli."

"Ndiyo."

"Umeanza kuitia leo?"

"Apana, Papa. Tangu mufike. Kila asubui."

Nilisikia kitanda kikilia, ameketi. Mvua ilikuwa imeshika kasi kwenye mabati na sauti ya Baba ilikuwa ndogo, ikabidi nisogee karibu na rido.

"Umetoa wapi?"

"Ni ya Mama. Ile ya mbele ya mlango. Alinipatia siku naolewa. Iko hapo nyuma ya jikoni, imejaa ndoo."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakitafuta kwenye matope siku ile: si ngazi za saruji, ni sitroneli ya Mama iliyochukuliwa na maji. Nilijaza kikombe mpaka ukingoni, nikakipitisha chini ya rido, mkono wake ukakipokea. Kikombe kilirudi kitupu. Nikajaza tena.

Kisha Baba akapenga. Alipenga palepale kitandani, kwa nguvu, kwa muda mrefu, na safari hii hayakuwa mafua. Mimi nililia upande wangu wa rido, yeye upande wake, na hakuna aliyejifanya hasikii. Viatu vyake vilibaki mlangoni.