Keki Nyeupe ya Ubatizo

Mwanangu, iko Jumapili moja ya miaka ya tisini ambayo siwezi kuisahau. Nakuambia leo kwa sababu nawe umepata mtoto.

Wakati huo tuliishi kwenye vilima vya chai juu ya Litein. Kanisa letu lilikuwa dogo, na padri alifika mara moja tu katika miezi mitatu. Aliongoza misa, akabatiza, akaenda kanisa lingine. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alikuwa na miezi minne.

Kina mama majirani walijitolea kuoka keki ya ubatizo wake kwa njia yetu: sufuria juu ya jiko, na makaa mengine juu ya kifuniko. Keki hiyo hutoka nzuri, ina harufu ya moshi kidogo. Nilikataa. Nilikuwa karani katika kituo cha kununua majani ya chai, na nilitaka keki nyeupe yenye maua ya sukari. Wahenga walisema mkataa pema pabaya panamwita, lakini kijana husikia methali kama mtu anayesikia mvua akiwa ndani ya nyumba.

Nilifanya kosa lingine pia. Jina la mtoto nilikuwa nimelichagua, nikalificha hata kwa mama yake. Nilimwambia katekista aache nafasi wazi kwenye daftari lake, kwamba nitalitaja mwenyewe mbele ya watu wote.

Litein nilikosa keki ya aina hiyo. Mama mmoja mwokaji wa Kericho aliniahidi moja, niichukue Jumapili asubuhi. Nilipokuwa nikiondoka alfajiri, mke wangu Rael alisema, "Baba Toto, achana na keki. Kanisani nakutaka wewe."

"Nitarudi kabla kengele haijalia," nikamjibu.

Kericho nilikuta keki iko mezani. "Sukari haijashika, kijana," yule mama akaniambia. "Ukiibeba sasa maua yatateleza. Afadhali ungoje."

Nikangoja. Na niliposhuka garini barabarani, nilipanda kile kilima polepole, boksi mikononi, nikichungulia maua kila baada ya hatua chache.

Nilipofika watu walikuwa nje, wamesimama kwenye nyasi. Gari la padri halikuwepo. Hakuna aliyenisalimu. Rael alikuwa amempakata mtoto, macho yake mekundu. Bibi mmoja jirani akasema, "Leteni hiyo keki hapa. Labda yenyewe inajua jina la mtoto."

Wengine wakacheka.

Ndipo Joel, kaka yangu mkubwa, akaja. Tulikuwa hatujasemezana tangu tugombanie mpaka wa mashamba yetu. "Padri aliuliza jina," akasema. "Rael akajibu kwamba anayelijua ni baba wa mtoto. Tukakungoja, tukaangalia mlango. Padri alikuwa na makanisa mawili mbele yake. Nikasimama."

"Ukasema nini?"

"Mke wa katekista alikuwa ameketi mbele yangu. Nikasema Esther."

Niliweka boksi chini kwenye nyasi, nikakaa kando yake. Mtoto wangu alikuwa amebatizwa, mtu niliyemnyima salamu ndiye aliyejibu kwa niaba yangu, na jina lilikuwa la mke wa katekista, kwa kuwa tu aliketi mbele ya Joel. Joel hakunisimanga. Alisema tu, "Keki ungemtuma mtu, ndugu yangu. Hiyo sauti ya kujibu padri ungemtuma nani?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Keki ililiwa, sikuionja. Esther sasa ni mama mtu mzima, na jina hilo analipenda. Lile nililolificha sijawahi kumtajia mtu, hata Rael.

Kwa hiyo, mwanangu, shika hili. Siku ya mtoto wako, tenganisha mambo mawili: yale ambayo mtu mwingine anaweza kukufanyia, na yale ambayo ni wewe tu wa kuyafanya. Ya kwanza wape wengine, hata wakiyafanya vibaya. Ya pili yafanye mwenyewe, na ufike mapema. Tena jambo la nyumba usilifanye siri ili upigiwe makofi. Mwambie mama wa mtoto.

Mungu akulinde pamoja na huyo mdogo, na kila atakapogeuka kukutafuta, akuone.