Maharage ya Editha

Kila mfadhili alikuwa na lake. Mwaka huu anataka mazingira, mwaka ujao soko huria, na wote wanataka mshirika wa Ulaya. Editha, mtafiti wa maharage, alichoka kuandika maombi upya: maharage yaleyale, maneno mapya. Mholanzi aliyekuwa mshirika wake alijibu faksi pale tu alipojisikia kujibu.

Mbegu, lakini, hazisubiri mfadhili. Majokofu ya mbegu kwenye kituo cha utafiti yalikuwa yamekufa, basi kila msimu Editha alizipanda uani kwake, mtaa wa Mafiga. Zilikuwa aina za zamani za milima ya Uluguru, ambazo huko mlimani zilishang'olewa kupisha kabichi za kuuza Dar. Akivuna, alizichanganya na majivu zisibunguliwe, akazihifadhi kwenye ndoo jikoni.

Mumewe alipofariki, kina mama wa mtaa waliingia jikoni kama ilivyo ada. Mfiwa haulizwi kitu, anakalishwa mkekani.

Matanga yalipoanuliwa, Editha alirudi kazini akakuta faksi mezani. Fedha zimepatikana, Mholanzi aliandika, tuma mbegu.

Alikimbia nyumbani. Ndoo zote zilikuwa tupu, zimeoshwa, zimefunikwa vizuri. Akamwita Mama Pendo, jirani aliyesimamia upishi.

"Yale ya kwenye majivu? Tulipika yote, mwenzangu. Watu walikuwa wengi, mchele ukatuishia. Mbona hata wewe ulikula? Mimi ndiye niliyekulisha."

Editha alikaa kwenye ndoo mojawapo.

"Nilikula," alisema. "Na wala sikusikia ladha."