Milimita Arobaini na Saba

Kaka yangu ni fundi umeme, na kabla ya kugusa ukuta wowote huhesabu. Huhesabu waya zitakazoingia kwenye boksi la soketi, huongeza viungio, huongeza na soketi yenyewe, maana nayo ina tumbo lake, ndipo anasema boksi liwe na kina gani. Waya zikibanana hupata joto, na joto halina adabu. Bosi wake wa zamani, kontrakta, hakutaka kusikia habari hizo. Boksi la kina kirefu linataka ukuta uchimbwe zaidi, na kuchimba ni kula vumbi kutwa. Akambandika kaka jina la Bwana Kina, na vibarua wote wakacheka.

Miaka tisa iliyopita walifanya kazi kwa mama mmoja mshonaji. Kaka aliacha soketi moja wazi, ile ya pasi, akaenda kutafuta boksi la milimita arobaini na saba. Aliporudi aliikuta imefungwa. Bosi, na haraka zake, alikuwa ameshindilia waya sita kwenye boksi la milimita ishirini na tano, akakaza skrubu mpaka plastiki ikalia. Kaka alitaka ifunguliwe. Bosi akamwambia aende nyumbani asirudi. Wiki ya tatu soketi ikawaka moto, mama mshonaji akiwa ameshika plagi. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunyooka tena. Bosi alisimama mbele yake, macho makavu, akasema, "Ni yule Bwana Kina. Nimeshamfukuza."

Basi mtaa mzima ukamjua kaka kuwa ndiye fundi aliyeunguza mtu. Miaka tisa alibeba saruji, na vifaa vyake vikashika kutu chini ya kitanda. Mimi yule bosi namchukia na sioni haya kusema. Kila nilipopishana naye nilimwombea upele mahali ambapo mkono haufiki.

Mwaka huu alikuja kwetu mwenyewe. Alikuwa anamjengea mama yake nyumba. Alizungukazunguka weee, mwisho akasema anataka kaka ndiye aweke umeme. Nikamuuliza kama mafundi wake wamekufa. Akasema wapo. Ila yeye hawaamini, na atawaaminije, wakati amewafundisha yeye?

Nilitaka afukuzwe palepale, lakini kaka alisema mama wa mtu hana kosa. Akatoa masharti mawili. Kwanza, bosi aende kwa mama mshonaji akaseme ukweli. Pili, mashimo yote ya maboksi ayachimbe yeye, kwa mikono yake.

Alikwenda. Najua alikwenda, kwa sababu siku ya kuchimba mama mshonaji alifika na kiti chake. Alimwomba kaka radhi, akakiweka kiti katikati ya sebule isiyo na milango, akalaza vile vidole viwili juu ya paja, mahali ambapo bosi angeviona kila akigeuka.

Mashimo yalikuwa thelathini na moja, na yalichukua siku tatu. Bosi na kitambi chake, patasi na nyundo, vumbi mpaka kwenye kope. Kaka alimfuata nyuma na rula. "Bado," alisema, na bosi akachimba. "Bado, milimita nne." Mimi nilileta chai nikainywa mbele yake, sikumpa hata tone. Nilifurahi, tena sana.

Alipofika shimo la mwisho malengelenge ya mikono yalikuwa yamepasuka. Sasa, kaka yangu alikuwa hajawahi kudanganya kipimo maishani mwake, hata cha sukari. Alitia rula ndani, nami nikainama ubavuni pake nikasoma. Ilikuwa arobaini na saba, na ziada juu.

Kaka alimtazama mama mshonaji. Kisha akaifuta rula kwenye suruali, taratibu.

"Bado," akasema.