Chokaa Yenye Chumvi

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu Kariakoo na furushi la nguo, sijui naelekea wapi. Nilikuwa nimeacha kazi kwa mkandarasi wa umeme, si kwa ugomvi, ila niliona nimekwisha kujua aliyokuwa nayo ya kunifundisha. Shule nayo niliiacha hivyo hivyo, darasa la nne. Njiani nikakuta lori limepakia mabati, nikamuuliza dereva anakwenda wapi.

"Bagamoyo."

"Na mimi."

"Una nani huko?"

"Sina mtu."

Akanitazama kama anayekadiria mzigo. "Basi panda juu uyakalie mabati, yasipigepige."

Tulipofika Kerege mabati yalikuwa yanachoma, nikawa nakaa kwa zamu, upande huu na upande ule. Adhuhuri tukashusha mzigo Bagamoyo, kwenye mashine ya kusaga. Injini iliyosaga mahindi mchana ndiyo iliyozungusha dainamo jioni na kuwasha taa za nyumba chache za jirani. Nilisimama kuitazama, nikamsikia mwenye mashine akibishana na bibi mmoja mjane.

"Bibi, bila hati ya kupimwa waya siungi. Yule wa mtaa wa pili aliongeza taa moja tu ya harusi, akatuzimia wote. Bwana harusi akaingia ndani kwa kupapasa."

"Hayo yake. Mimi maulidi yangu ni kesho. Mwaka jana wanaume walikuwa na taa barazani, sisi wanawake tukasomewa gizani. Hata sahani ya halua hatukuiona ilipopita!"

Taa mbili mpya zilikuwa zimefungwa ukumbi wa ndani, wanapokaa wanawake, umeme wake ukichukuliwa kwenye waya za zamani za nyumba. Aliyezifunga, mtoto wa kaka yake bibi, alikuwa amesimama pembeni akichezea ndevu zake.

"Kipimo ninacho kabatini," alisema mwenye mashine. "Anayejua kukitumia ndiye sina."

"Shikamooni," nikasema. "Mimi najua."

"Marahaba. Umetokea wapi wewe?"

"Juu ya mabati," akajibu yule wa ndevu, wakacheka.

Hata hivyo kipimo kilitolewa, kisanduku kizito chenye mkono wa kuzungusha na mshale nyuma ya kioo. Nyumbani kwa bibi nilitoa fyuzi, nikatoa globu zote, nikawasha swichi zote. Waya mmoja wa kipimo niliufunga kwenye laini ya nyumba, wa pili kwenye bomba lililozikwa ardhini, kisha nikazungusha. Waya zikiwa nzima mshale hupanda. Huu ulilala kwenye sifuri.

"Kipimo kibovu," alisema yule fundi wa ndevu.

Nikaitenga kazi yake, zile waya mpya, na kuipima peke yake. Mshale ukapanda vizuri.

"Kumbe kizima," akasema.

Nikapima laini ya zamani peke yake. Ukalala tena.

"Basi mimi nimepona!"

"Wewe umepona, nyumba haijapona," nikamwambia. Taa mpya hupata umeme kupitia waya za zamani. Ukipima mpya tu, hujapima kitu.

Nikafungua swichi ya sebuleni. Ndani mlikuwa na uji mweupe. Nikatazama kuta: zilikuwa nyeupe pepe, na ile mifereji ya mbao inayopitisha waya nayo nyeupe, na swichi pia.

"Bibi, umepaka lini?"

"Juzi. Mikono mitatu. Nyumba ya maulidi haiachwi na madoa."

"Umetia chumvi?"

Akanishangaa. "Chokaa gani isiyotiwa chumvi? Unataka wageni waondoke na ukuta wangu kwenye kanzu zao?"

Nilikuwa sijapata kuliona kosa hilo Dar es Salaam. Chumvi huishikisha chokaa ukutani, lakini pia huvuta unyevu wa pwani, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme. Kusubiri ikauke kusingefaa. Tulifungua swichi zote, tukaziosha kwa maji ya kisima, tukazianika juu ya bati na kuzimalizia kwa joto la jiko la mkaa. Fundi aliikwangua mifereji, na alikuwa na mkono mwepesi kunishinda. Sebuleni na barazani waya zilikuwa hazijalowa. Chumba cha uani zilikuwa zimelowa mpaka kwenye pamba inayozizunguka, na waya wa kubadilishia haukuwepo.

"Kiunge tu," alisema bibi. "Ni taa moja."

"Hiyo moja itazizima zile mbili, Bibi."

Akazitazama taa mbili za ukumbini. "Kikate."

Nikakikata. Baada ya alasiri nikazungusha tena mbele ya mwenye mashine. Mshale ukapanda, ukasimama. Aliutazama muda mrefu, akaniambia niandike nilichokiona, naye atatia sahihi. Nikaandika kwamba taa mbili mpya zimepimwa pamoja na waya za zamani, zote salama; chumba cha uani kimekatwa, kisiungwe. Bibi aliikunja hati akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Sasa wewe unalala wapi?"

"Sijapata."

"Chumba kipo," alisema, akielekea uani. "Lakini utatumia koroboi, na usimlaumu mtu. Umekikata mwenyewe."

Nikachukua furushi langu nikamfuata, nikijihadhari nisiutie ukuta wake madoa.