Gari la Marehemu Uani

Mama Pindo alikuwa mshonaji, na wateja walimpa jina hilo kwa jinsi alivyokunja mapindo ya suruali yakanyooka. Alishonea barazani. Mvua ikija, mbio anaingiza cherehani ndani, vitambaa vinabaki kulowa. Uani palikuwa na nafasi ya kujenga chumba cha kazi, ila ilikaliwa na gari la marehemu mumewe: la zamani, mgongo wa mviringo, milango miwili, kutu kila upande.

"Lisiguswe," shemeji yake, kaka wa marehemu, alikuwa amesema tangu msibani. "Hii ni kumbukumbu ya ndugu yangu. Tutalifufua." Kila akija aliyarudia hayohayo, akanywa chai, akaenda zake.

Siku mvua ilipolowesha gauni la bibi harusi, Mama Pindo uvumilivu ulimwishia. Akamwita fundi bodi, akamwita na shemeji.

"Leo tunamaliza," alisema. "Kama linatengenezeka, lichukue ukalitengeneze. Kama halifai, litoke hapa."

Fundi alivua turubai, akadunga bisibisi chini ya mlango. Ikazama yote. Akajitosa uvunguni, akatoka na kutu hadi kwenye nyusi.

"Mama, sakafu imekwisha, chasisi, uti wa mgongo wake, imeoza. Kutengeneza inawezekana, lakini hapo utakuwa umeunda gari jingine, umelivika taa za hili."

"Wavivu hawa!" shemeji akadakia. "Injini yake ni chuma hasa. Hiyo pekee inatosha."

"Basi tuione."

"Boneti imekwama. Msiilazimishe."

Fundi hakubishana naye. Alipenyeza mtaimbo, boneti ikalia, ikafunguka. Ndani mlikuwa na nyaya mbili tatu na kiota cha panya.

Mama Pindo alichungulia, akainua uso taratibu. "Shemeji, injini iko wapi?"

"Niliipeleka kwa rafiki yangu, aitunze. Wakati ule umekwenda kumuuguza mama yako."

"Aitunze, au aifunge kwenye gari lake?"

Shemeji akanyoosha mkono kuifunga boneti.

"Miaka yote unanizuia kwenye ua wangu!" Mama Pindo alifoka. "Nalowa, nakuchemshia chai, kumbe unanilindisha debe tupu! Na huyo ndugu yako naye! Uchungu wa mwanangu wa kwanza ulinishika, akasema njia ya hospitali ina mawe, itamharibia matairi. Nilitembea! Gari liko hapohapo, linang'aa, nami natembea nimeshika ukuta!"

"Usimseme marehemu."

"Nitamsema! Nilimpikia, nikamfulia, nikamzika. Nisipomsema mimi, nani atamsema?"

Fundi alijifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa vifaa vyake.

Kesho yake wanunuzi wa vyuma chakavu walilikatakata palepale uani. Mmoja alimchomolea Mama Pindo kioo cha pembeni abaki nacho kama ukumbusho. "Kitupe na wenzake," akamjibu.

Alidhani moyo utatulia. Wapi! Mafundi walipoanza kujenga chumba aliwafokea bure, hata binti yake akamwambia, "Mama, hawa hawajakukosea." Akawaomba radhi, akaingia ndani, akalia kwa hasira, si kwa huzuni.

Shemeji hakukanyaga tena pale nyumbani. Walipokutana dukani, Mama Pindo ndiye aliyetangulia kumsalimia, kwa sauti kavu, akachukua nyuzi zake akapita.