Jina Jekundu la Skolastika

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, mvua imekatika kidogo, nami nimekaa sebuleni kwangu Majengo nikihesabu majina mekundu kwenye simu.

Umeniambia wiki ijayo unaanza kufundisha, na kwamba utawapa wanafunzi maswali kwa mtandao. Vizuri. Hata mimi niliwapa. Nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu, lakini kwenye mambo hayo nilikuwa kijana kabisa, na kosa nililofanya lilikuwa la kijana aliyelewa kifaa kipya.

Kila Ijumaa nilituma maswali kumi ya hesabu kwenye simu za wazazi. Mtoto anajibu akiwa nyumbani, na mimi naona papo hapo. Aliyejibu, jina lake linageuka kuwa la kijani. Asiyejibu, linabaki jekundu. Nikaweka na sharti: kila mtoto ajibu kwa simu ya mzazi wake niliyoiandikisha, siyo ya jirani wala ya shangazi, maana niliogopa watatazamiana. Walimu wenzangu walinisifu, nikavimba kichwa.

Skolastika wa darasa la sita alikuwa mwepesi wa hesabu, lakini kwa wiki mbili jina lake lilikuwa jekundu. Sikumuuliza kwa nini. Asubuhi ya Jumamosi hiyo nikatuma majina kwenye kundi la wazazi, la kwake likiwa la kwanza, na chini nikaandika: "Mwisho saa kumi jioni. Asiyejibu, Jumatatu asiingie darasani bila mzazi."

Saa sita shangazi yake akanijia mlangoni, kanga imelowa.

"Shikamoo mwalimu. Skola hajapita hapa?"

"Marahaba. Hajapita. Kwani hayuko nyumbani?"

"Katoka tangu asubuhi, nilipomsomea ile ya kwenye kundi. Mama yake anamuuguza bibi hospitalini Peramiho, na simu anayo yeye. Nampigia, haipatikani. Naogopa Skola kaifuata kwa miguu."

Mwanangu, unaijua barabara ile ndefu ya Peramiho, na malori ya makaa ya mawe yanavyopita yakiwa yamejaa. Mtoto wa miaka kumi na miwili, peke yake, kwenye mvua, kwa sababu ya maswali yangu ya hesabu za sehemu. Nikachukua bodaboda. Namwambia dereva aende polepole nimtazame kila mtoto kandokando ya barabara, halafu hapo hapo namwambia akimbize. Akaniuliza, "Mama, sasa nishike lipi?" Kila nilipoona watu wamekusanyika pembeni nilifumba macho kwanza. Mara walikuwa wananunua mahindi ya kuchoma, mara lori limepata pancha. Nikasali rozari kwa vidole, hesabu ikanipotea, nikaanza upya. Mimi, mwalimu wa hesabu.

Tulikuwa tumekaribia Peramiho simu ilipolia mkobani. Nikamsimamisha dereva. Jina la Skolastika lilikuwa la kijani. Kati ya maswali kumi alikuwa amekosa moja tu. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku cha mtoto kumwandikia mwalimu, ambacho hakuna aliyewahi kukijaza. Yeye alikuwa ameandika: "Nimefika kwa mama. Samahani mwalimu kwa kuchelewa."

Nililia pale barabarani, kofia ngumu kichwani, dereva akijifanya anakagua tairi.

Wodini nilimkuta amekaa pembeni ya kitanda cha bibi yake, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Nikamwamkia bibi.

"Marahaba," akasema. "Wewe ndiye unayewauliza watoto maswali kwenye simu?"

"Ndiyo, bibi, ni mimi."

"Maswali kumi, mwalimu. Na hata moja la kumuuliza mtoto kwao kuna nini?"

Aibu niliyoipata siwezi kukusimulia yote. Mama yake Skola alikuwa anaizima simu mchana kutunza chaji na kuiwasha jioni. Ningempigia jioni moja tu katika wiki zile mbili, ningeambiwa. Namba yake nilikuwa nayo. Niliitumia kumtisha, kumpigia sikukumbuka.

Basi, mwanangu, vitumie vyombo hivyo, ni vizuri na watoto wanavipenda. Ila ukiona jina jekundu, usilianike mbele za watu. Mwite mtoto faragha, au mpigie mzazi wake, uulize kwao kuna nini kabla ya kuuliza mbona hajajibu. Na usimwekee sharti gumu mtoto ambaye simu ya nyumbani kwao ni moja na imesafiri. Mimi nimestaafu, lakini hadi leo simu ikilia Jumamosi moyo unanipasuka.

Mungu akusimamie kazini, akupe subira na wanaonyamaza, na kila mtoto utakayemtumia swali afike salama kwa mama yake, kama alivyofika Skolastika.