Meno Mapya Si Meno Machafu

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, miaka ile hapa Kitale simu ya mkononi ilikuwa bado inavaliwa kiunoni kama panga. Siku hiyo mama mkwe wangu aliniangalia usoni akaniita mjinga. Na alikuwa na haki.

Mimi ni fundi wa rangi. Shule niliachia darasa la nne, lakini ukiona nyumba imepakwa ikapakika, uliza ni kazi ya nani. Kwa mikono hii nimejenga, nimeoa, nimesomesha. Wakati huo nilikuwa sijafika arobaini na nilijua kila kitu. Kitu kikichafuka, piga msasa, kitang'aa.

Basi shemeji yangu wa Chwele, ndugu ya mke wangu, alikuwa anaoa, na binti yangu Nekesa, miaka minane, akachaguliwa kubeba maua. Meno ya utoto yalikuwa yameng'oka mbele, mapya yameingia, makubwa, ya manjano kidogo. Watoto wa jirani wakamwita "mahindi ya yelo". Msichana akaanza kucheka mdomo ukiwa umefunikwa. Mimi nikaona aibu. Ati picha za harusi zitoke na meno hayo?

Sokoni kulikuwa na kijana mwenye spika, anauza unga wa kung'arisha meno. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyo alikuwa anajitembeza kwa kelele. Nikanunua. Mke wangu akasema, "Baba Nekesa, si tuulize kwanza?" Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Wiki nzima nikamsugua mtoto, unga na ndimu, asubuhi na jioni. Ufizi ulipotoa damu nikasema ni uchafu unatoka. Mungu anisamehe.

Tukafika Chwele Ijumaa, harusi ni kesho. Sasa ujue, kwa watu wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hamshikani mikono, hamli pamoja, akipita unaangalia kando. Miaka kumi alikuwa ananitumia salamu kupitia watoto. Nekesa akapewa chai. Funda moja tu, akapiga yowe, kikombe chini, mkono mdomoni.

Mama mkwe akatoka jikoni mbio. Akamfungua mtoto mdomo, akaona ufizi mwekundu kama nyama mbichi, akanigeukia. Hakuangalia kando.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, mama. Nilikuwa natoa umanjano."

"Umanjano! Wewe ni mjinga?" Akafungua mdomo wake mwenyewe. Chini, mbele, meno mawili hayakuwapo. "Angalia, leo nimekuruhusu. Nilikuwa msichana kama huyu. Wazee wa mila waliyang'oa na chuma ati niwe mrembo. Nikalia, wao wakapiga makofi. Leo urembo huo nani anautaka? Na wewe sasa umetuletea wako!"

Mwanangu, nilitafuta shimo la kuingia, sikuliona.

"Peleka mtoto Bungoma kwa daktari wa meno, saa hii. Na utaniletea jogoo, kwa sababu umenifanya nivunje heshima."

Hapo wanawake wote jikoni wakaangua kicheko, na mimi nikamchukua mtoto tukaondoka.

Daktari alikuwa msichana niliyemzidi umri kwa mbali. Akampima Nekesa polepole, akaniuliza kazi yangu, kisha akasema, "Mzee, jino la ukubwani lina umanjano kuliko la utoto. Yakisimama pamoja, jipya linaonekana chafu, lakini hiyo ndiyo rangi yake. Ya utoto yakiisha, yatafanana. Lakini ile ngozi ngumu ya juu ukiimaliza kwa kusugua, hakuna rangi ya kurudishia." Akasema bahati yetu tumekuja mapema, ufizi utapona.

Kesho yake Nekesa alikunywa chai iliyopoa, akabeba maua, akacheka kuliko bibi harusi. Nyanya yake alikuwa amemwambia, "Wakikuuliza, waambie haya ndiyo meno yangu ya kuzeeka nayo." Jogoo nilileta. Mama mkwe akampokea akiangalia kando, kama kawaida.

Sasa nisikilize, wewe mwenye watoto wadogo. Mtoto hang'arishwi meno. Usimsugue na ndimu, makaa, majivu wala unga wa mtu mwenye spika. Jino moja likibadilika rangi peke yake, au likiwa na madoa, si kazi yako wala ya jirani. Ni ya daktari wa meno. Wewe mpe mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, na umpunguzie soda. Akikua akitaka weupe, ataamua mwenyewe na daktari wake. Mvumilivu hula mbivu, lakini mtoto wako atazilaje kama meno umeyamaliza wewe?

Mungu akupe nyumba yenye kelele za watoto, na wakifika umri wangu bado watafune mahindi ya kuchoma bila kuomba msaada. Uende na baraka zangu, mwanangu.